Kosa la Kujichukulia Madaraka Mkononi

Jina la nchi yenyewe sitalitaja. Niliandika barua kuomba ruhusa ya kulitaja, na bado sijajibiwa. Itoshe kusema kwamba ni nchi nzuri, ina wimbo wa taifa wenye beti saba, na katika miaka ishirini na miwili niliyoitumikia kama karani wa vikao wa Halmashauri ya Mji wa Makorongo, sijawahi kuisikia serikali yake ikikosea. Nimesikia mara nyingi kwamba imenukuliwa vibaya. Lakini kukosea, la.

Mambo yenyewe yalianza siku Mheshimiwa Daktari Burhani Tenga, Waziri wa Kushusha Madaraka, alipokuja kutuletea madaraka.

Tulikuwa tumeyangoja kwa hamu. Tangu uhuru yalikuwa yakikaa mji mkuu, hata taa ya ukumbi wetu ikiungua, barua ilikwenda huko na sisi tukaendelea na kikao gizani. Kwa hiyo wananchi waliamriwa kufika uwanjani kwa hiari yao saa mbili asubuhi. Mheshimiwa aliingia saa nane mchana, akapanda jukwaani, akatueleza kwa muda wa saa tatu kwamba siku za kuelezwa-elezwa zimekwisha.

"Kuanzia leo," alinguruma, "bosi ni mwananchi wa Makorongo! Anayepanga ni nani?"

"Sisi!" tulijibu, kama tulivyofanyishwa mazoezi siku ya Jumanne.

"Sijasikia! Anayeamua ni nani?"

"Sisi!"

"Vizuri sana. Sasa kaeni chini, na asiinuke mtu mpaka msafara wangu uondoke."

Tukakaa. Msafara uliondoka jua linazama.

*

Mji wetu umepasuliwa katikati na korongo refu. Upande mmoja kuna soko, ofisi na kituo cha afya. Upande wa pili, unaoitwa Ng'ambo, kuna watu. Kilichounganisha pande hizo ni daraja la mbao la waenda kwa miguu, lililojengwa na babu zetu zamani kabla hawajajua kwamba hawana uwezo. Katikati ya daraja hilo mbao sita zilikuwa zimeoza na kuanguka. Walioweza kuruka pengo waliruka. Wasioweza walitambaa juu ya boriti, wakiangalia juu ili wasione chini. Bi Nambonde, muuza mchicha, aliteleza siku moja akavunjika nyonga, akalala kitandani miezi miwili, akafa. Katika taarifa yetu ya robo mwaka tuliandika kwamba idadi ya watumiaji wa daraja imepungua kidogo.

Diwani wa Ng'ambo alikuwa Bi Somoe Lihame, fundi cherehani, mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kitu ambaye utepe wake wa kupimia haukutoka shingoni, awe sokoni, msibani au kikaoni. Shule hakusoma sana, kwa hiyo aliyaamini maneno ya Waziri. Katika kikao chetu cha kwanza baada ya kuletewa madaraka alisimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba tutengeneze daraja. Ni mbao sita. Fundi Selenga yupo, mbao anazo. Misumari nitatoa mimi. Tukianza kesho asubuhi, adhuhuri tumemaliza."

Madiwani wote kumi na tisa wakanyoosha mikono. Nikaandika: *imeamuliwa*. Ilinibidi nikumbuke tahajia yake, maana neno hilo sikuwa nimeliandika tangu niajiriwe.

Ndipo aliposimama Mkurugenzi wa Halmashauri, Bwana Ladislaus Mtepa. Huyu aliletwa kwetu na mji mkuu. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwaminifu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nyumba yake ya serikali ilikuwa ikivuja, na kibali cha kuziba paa kilikuwa hakijafika, kwa hiyo alipanga chumba Ng'ambo. Kila asubuhi aliruka lile pengo yeye mwenyewe, mafaili ameyafunga kifuani kama mama aliyebeba mapacha.

"Waheshimiwa, nawapongeza," alisema, akifungua kitabu cha sheria mpya. "Kifungu cha nne kinasema Halmashauri itakuwa na mamlaka kamili juu ya madaraja yote."

Makofi.

"Kifungu cha tano kinafafanua kwamba daraja ni kitu kinachopitisha gari. Letu halipitishi gari. Kwa hiyo, kisheria, si daraja."

"Ni nini basi?" akauliza Bi Somoe.

"Sheria imenyamaza. Ila kwa uzoefu wangu, mbao ni za Wizara ya Misitu. Maji yaliyo chini yake ni ya Wizara ya Maji. Wanaopita juu yake wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Na kwa kuwa kutoka huku kwenda kule ni safari, Wizara ya Safari haiwezi kuachwa nyuma."

"Na sisi?"

"Ninyi mna mamlaka kamili."

"Ya kufanya nini?"

"Ya kupendekeza."

Nilifuta *imeamuliwa* nikaandika *imependekezwa*. Hilo nilikuwa nimelizoea.

*

Jibu kutoka mji mkuu lilikuja baada ya miezi mitatu, nalo lilikuwa jibu la upendo. Serikali ilifurahishwa mno na moyo wetu wa kujiamulia. Hata hivyo, uchunguzi ulionyesha kwamba sisi watu wa Makorongo tulikuwa hatujawahi kuamua jambo, na mtu asiyezoea kuamua akiamua ghafla anaweza kudhurika. Kwa hiyo madiwani wote, pamoja na karani wao, waliitwa kwenye semina ya siku sita ya kujengewa uwezo wa kuamua.

Semina ilifanyika katika hoteli yenye mazulia mazito kiasi kwamba Diwani wa Sokoni alivua viatu mlangoni, akaambiwa avae, akavua tena. Mwezeshaji wetu alikuwa kijana mchangamfu mwenye kalamu za rangi nne. Alitugawa makundi. Alitufundisha kwamba maendeleo ya kweli huanzia chini, kisha akatuonyesha mchoro uliotoka juu. Siku ya pili tulijifunza hatua kumi na moja za kuamua. Kuamua kwenyewe kulikuwa hatua ya kumi, na ya kumi na moja ilikuwa kusubiri.

Bi Somoe alinyoosha mkono.

"Mwalimu, tukishajua kuamua, tutaruhusiwa?"

"Swali zuri sana, mama!" kijana alifurahi. "Tuliandike hapa pembeni."

Ukutani palikuwa na karatasi kubwa iliyoandikwa MASWALI MAZURI. Akaliandika hapo kwa kalamu nyekundu. Siku ya tatu karatasi ilijaa, ikabanduliwa, ikakunjwa vizuri, ikatiwa kwenye mfuko wa plastiki, na sikuiona tena. Siku ya sita tulipewa vyeti. Cha Bi Somoe kilisema amejengewa uwezo wa wastani.

Tulirudi nyumbani mvua za masika zimeanza.

*

Yaliyotokea Alhamisi iliyofuata niliyaona kwa macho yangu, kwa sababu nilikuwa natoka Ng'ambo kula chakula cha mchana pamoja na Mkurugenzi. Tulipofika darajani tulikuta watu wamejaa, na katikati yao kitanda cha kamba kimebebwa na wanaume wanne. Juu yake alilala Tausi, binti wa Fundi Selenga, mimba yake ya kwanza. Uchungu ulimshika tangu alfajiri. Mkunga wa mtaani alimpapasa, akasema mtoto amelala kombo, mpelekeni kituoni sasa hivi, mimi hapa siwezi.

Lakini wanaume wanne wenye kitanda hawawezi kuruka pengo. Upande wa pili nesi alikuwa amesimama kwenye mvua amenyoosha mikono, kana kwamba angeweza kumvuta Tausi kwa macho. Chini yetu maji mekundu yalikuwa yanapita na gogo zima la mgomba. Tausi hakupiga kelele. Aliuma kanga, akashika ukingo wa kitanda, na vidole vyake vilikuwa vimepauka.

Bi Somoe akaja mbio, utepe shingoni.

"Fundi! Zile mbao ziko wapi?"

Selenga alikuwa seremala wa majeneza. Alikuwa mtu mnene asiye na maneno mengi, na siku ile hata hayo machache yalikuwa yamemwishia. Alionyesha kwa kidole kibanda chake, hatua sitini kutoka pale.

"Ni za majeneza," alisema.

"Zilete."

"Bi Somoe," Mkurugenzi alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesihi, si ya anayeamuru, "subiri kidogo. Faili liko Wizara ya Safari. Limefika hatua nzuri."

"Baba," Bi Somoe alimjibu, "huyu aliye tumboni hajasoma kanuni. Yeye anakuja."

Mkurugenzi alimtazama Tausi. Alivua miwani, akaifuta kwa tai iliyolowa, akaivaa, akamtazama tena. Kisha akanigeukia mimi.

"Karani, iandikwe kwamba saa saba na dakika arobaini Mkurugenzi aligeuka."

Akageuka, akalipa daraja mgongo. Niliandika.

Wakazileta mbao mbiombio, wanaume wawili kila ubao, zimerandwa na kung'aa, maana Selenga hakupenda kumlaza mtu kwenye ubao wenye vibanzi. Alipanda boriti kwa magoti, misumari mdomoni. Bi Somoe alipima, akatia alama kwa kipande chake cha chaki ya cherehani, akashikilia. Nyundo ilianza kulia. Kila msumari ulipoingia, Selenga alisema jina la binti yake, polepole, kama mtu anayehesabu. Nilitazama saa kwa kuwa ni kazi yangu: dakika ishirini na sita. Kitanda kikapita. Mbao za majeneza zililia kidogo, zikanyamaza, zikabeba.

Jioni nesi alitoka akatuambia ni mtoto wa kike, na mama yake ameomba uji. Selenga alikaa chini barazani pa kituo akalia mpaka shati likamlowa upya.

*

Kutengeneza kitu bila kibali si jambo dogo katika nchi yetu. Habari zilipofika mji mkuu iliundwa Tume ya watu tisa, nayo ikaja ikiongozwa na Mheshimiwa Tenga mwenyewe. Tume ilikagua daraja kwa makini. Wajumbe walipita juu yake kwenda, wakapita kurudi, wakapita tena kwa ajili ya picha, kisha wakaandika kwamba hawakuona ushahidi wowote kwamba linapitika.

Bi Somoe na Fundi Selenga walisimamishwa mbele ya Tume ukumbini kwetu. Shitaka lilisomwa: kujichukulia madaraka mkononi.

"Mama," Waziri alianza kwa upole, "ni nani aliyekupa madaraka ya kugongea mbao?"

"Ni wewe, mheshimiwa. Pale uwanjani."

Watu walicheka. Askari mmoja pia alicheka, akaandikwa jina.

"Umenielewa vibaya," alisema Waziri. "Madaraka tuliwaletea, kweli. Lakini hatukuwaambia myatumie. Ukiletewa mgeni mkubwa nyumbani unafanyaje? Unamkaribisha. Unamkalisha kwenye kiti kizuri. Unamtazama kwa heshima. Humtumi dukani!"

"Sisi kwetu, mheshimiwa, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na huyu wako anakaribia kumaliza mwaka, hajashika hata ufagio."

Waziri aligonga meza. Alisema kwamba taifa haliwezi kuendeshwa kwa methali. Alisema kwamba akifunga macho kwenye mbao sita leo, kesho watu watachimba mitaro, keshokutwa watazibua mifereji, na mwisho wake nani atakumbuka kwamba kuna serikali? Alizungumza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Mimi nilipenda sana hotuba ile na niliiandika yote.

"Na wewe, fundi, unajitetea vipi?"

Selenga alimgeukia Waziri.

"Mjukuu wangu anaitwa Siwema," alisema. "Juzi amecheka."

Iliandikwa kwamba mshitakiwa wa pili hakuwa na utetezi.

Hukumu ilikuwa ya huruma. Fundi Selenga alikatazwa kugusa msumari wa inchi nne ndani ya mipaka ya mji. Wa inchi tatu aliruhusiwa, kwa ajili ya majeneza, kwa kuwa serikali haipendi kuingilia shughuli binafsi. Bi Somoe alivuliwa udiwani kwa kuonyesha uwezo uliozidi kiwango alichojengewa. Na mbao sita zing'olewe ndani ya siku saba, daraja lirudi kama lilivyokuwa, ili utaratibu wa kulitengeneza uanze upya bila doa.

Bi Somoe alisogea mezani kwangu. Alivua beji yake ya udiwani, akaiweka mbele yangu, akanyoosha kola ya shati langu iliyokuwa imekunjika, akatoka. Ng'ambo nzima ikatoka nyuma yake. Nilibaki naitazama ile beji, na nakiri kwamba sehemu ya kumbukumbu za siku ile haisomeki vizuri kwa sababu wino ulilowa.

*

Siku ya sita Mkurugenzi aliitisha kikao cha dharura. Ukumbi ulijaa. Wanawake wa Ng'ambo walikuja na mikeka, na ilisemekana kwamba askari wakienda kung'oa mbao, watalala juu ya daraja. Askari sita walikuwa nje na nyundo za kung'olea misumari.

Bwana Mtepa alisimama. Alikuwa hajalala, ilionekana. Alifungua kitabu kile kile cha sheria.

"Waheshimiwa, nimeagizwa kung'oa mbao, na mimi ni mtiifu. Mkono wangu uko tayari. Lakini jana nilikuwa nasoma. Kama mnavyokumbuka, hili si daraja."

Aligeuza ukurasa.

"Na kwa kuwa si daraja, Halmashauri haina mamlaka ya kulitengeneza. Hilo tulikubaliana. Ila sasa nimeona kwamba haina mamlaka ya kulibomoa pia. Mbao zikishapigiliwa ni mali ya Wizara ya Misitu, siwezi kuzing'oa bila kibali chao. Zikianguka kwenye maji nitahitaji kibali cha Wizara ya Maji. Watu watazuiwa kupita, hilo ni la Mambo ya Ndani. Na nitakuwa nimekatisha safari."

Alifunga kitabu taratibu.

"Ninasikitika sana. Karani, andika kwamba nimesikitika."

Niliandika. Nilipoinua macho nilimwona Bi Somoe amekaa nyuma kabisa, kwenye benchi la wananchi, anamtazama Mkurugenzi kama anavyotazama mshono uliotoka sawa kwa mkono wa mtu ambaye hakumtegemea.

Waziri alipiga simu siku ile ile. Nilikuwa nimesimama karibu na sikuhitaji kuweka sikio, sauti ilifika hadi uani.

"Ng'oa, Mtepa! Ng'oa!"

"Ndiyo, mheshimiwa. Naomba agizo hilo kwa maandishi, likipitia wizara zote nne."

Simu ilikatika. Maombi ya kung'oa yaliondoka Makorongo kwa posta Ijumaa iliyofuata, kwa njia sahihi, na muhuri sahihi. Mara ya mwisho kuyasikia yalikuwa Wizara ya Safari, na yalikuwa yamefika hatua nzuri.

Wakati huo huo habari mbaya zilianza kusikika kutoka miji mingine. Mahali fulani kaskazini wanawake walizibua mtaro wa soko bila semina hata moja. Mji mwingine wazazi waliezeka darasa Jumamosi, na Jumatatu watoto wakasoma. Serikali ikaunda Kitengo cha Kuzuia Matengenezo Holela. Ofisi yake ilipewa jengo zuri, ila paa lake linavuja, na hakuna anayethubutu kuligusa.

*

Bwana Mtepa bado yuko kwetu. Barua ya kumhamisha iliandikwa, lakini inasubiri sahihi ya afisa ambaye naye amehamishwa.

Asubuhi moja ya Mei mwaka uliofuata, baada ya mvua kubwa, nilikuwa navuka kwenda kazini nikamkuta amechuchumaa katikati ya daraja, suti imevaliwa vizuri, tai ameirusha begani. Pembeni yake palikuwa na kopo la misumari. Mkononi alishika nyundo, tena aliishika karibu na kichwa, kama watu wasiojua nyundo wanavyoishika.

Nilikuwa sijasema kitu Bi Somoe alipotokea upande wa pili, amejitwika furushi la sare za shule alizoshona.

"Shikamoo, Bi Somoe," Mkurugenzi alisema, bila kuinuka.

"Marahaba, baba. Unafanya nini hapo?"

"Nakagua msumari."

"Na nyundo?"

"Ni ya kukagulia."

Bi Somoe alishusha furushi, akainama, akaupima ubao kwa kiganja.

"Huo umeukagua vizuri. Kagua na wa pili, ubao unacheza. Na shika mpini kwa nyuma, utaumia vidole." Kisha akanigeukia. "Na wewe karani, mbona umesimama? Shikilia huku, usicheze."

Nilikuwa nimekwisha toa daftari na kalamu, kwa mazoea. Mikono ni miwili tu, na ubao ulikuwa mrefu. Nikaviweka mfukoni, nikapiga magoti, nikaushika. Ulikuwa wa baridi na umelowa, na nyundo iliposhuka niliisikia hadi mabegani.

Ndiyo maana asubuhi hiyo, peke yake katika miaka yote ishirini na miwili, haimo kwenye kumbukumbu za Halmashauri.